Gereji Ikijaa, Nani Alale Nje?

Najua niliahidi makala kuhusu hifadhidata, na itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo nataka kuwapa kisa cha gereji ya nyumbani kwetu. Usiondoke kwanza. Kompyuta zimo ndani yake.

Tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa Kenya ukisema gereji, wengi wanafikiria kwa makanika, pale oili imemwagika chini na gari lako limekaa wiki mbili likisubiri kipuri. Mimi nazungumzia ile nyingine, chumba cha kando ya nyumba chenye mlango mpana, kilichojengwa kwa ajili ya gari na ambacho sasa kina kila kitu.

Yetu iko Limuru, na ilijengwa na baba. Sakafu yake ni mita 6 kwa mita 3. Ndani yake kulikuwa na Pijo 504 pikapu ya baba, mashine mbili za kukata nyasi, mashine moja ya kufyeka ile ya kubeba begani, pampu ya kunyunyizia dawa, wilbaro, reki, majembe, pikipiki, magunia ya viazi vya mbegu vya mama, na mtungi wa petroli wa lita 20. Vitu vyote hivyo, isipokuwa pikapu na viazi, ni vya kitindamimba wetu. Alipoteza kazi ya hoteli mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka uliofuata akaanza kukata nyasi za watu.

Usiidharau kazi hiyo. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua haikosi, na nyasi tulizo nazo ni zile zinazoitwa nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo zinamea kwenye viwanja vya Australia hadi California. Huko nje baadhi ya watu wanaziita gugu kwa jinsi zinavyosambaa. Hapa ziko kwao. Wakati wa masika ukizikata Jumatatu, Jumatatu ijayo zinakucheka. Kwa kijana mwenye mashine mbili na pikipiki, hiyo ni riziki ya uhakika.

Shida ilikuwa pikapu. Baba alifariki mwaka 2016 na tangu hapo gari halikuwahi kutoka. Mnaomkumbuka Pijo 504 mnajua lilivyoheshimiwa. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa mkulima wa Limuru pikapu yake ilibeba kabeji, mbolea, wagonjwa na maharusi. Hili letu lilikuwa limesimama pale pale alipoliegesha, likikalia zaidi ya mita nane za mraba kati ya kumi na nane tulizo nazo. Ukiongeza nafasi ya mtu kupita kando yake, unabakiwa na ujia.

Kwa hivyo kila asubuhi kitindamimba alikuwa akifanya mazoezi. Anatoa wilbaro ili afikie pampu, anatoa pampu ili afikie mashine, anasogeza pikipiki ili mashine ipite, kisha anarudisha wilbaro na pampu ndani. Jioni anaanza upya, kinyumenyume. Siku moja nilihesabu dakika. Zilikuwa ishirini na tano kabla hajakata hata unyasi mmoja.

Sasa sisi watu wa programu tuna jina la ugonjwa huu. Kompyuta ina kumbukumbu ya haraka, ambayo ni ndogo na ya gharama, na ina diski, ambayo ni kubwa lakini ya polepole. Tangu kompyuta ya Atlas ilipozinduliwa Manchester mwaka 1962, mashine zimekuwa zikijifanya zina kumbukumbu kubwa kuliko ile zilizo nayo, kwa kuhamisha vipande vya data kati ya kumbukumbu na hifadhi ya polepole bila mtumiaji kujua. Ni ujanja mzuri mpaka kumbukumbu inapobana mno. Hapo mashine inatumia muda mwingi kuhamisha vitu kuliko kufanya kazi yenyewe. Unaona taa ya diski inawaka tu na kipanya hakisogei. Peter Denning aliueleza ugonjwa huu mwaka 1968, na mwaka huo huo akatoa wazo ambalo bado tunalitumia. Alisema kila programu ina seti yake ya vitu inavyohitaji kwa kipindi fulani ili ifanye kazi. Seti hiyo ikienea kwenye kumbukumbu, mambo yanakwenda. Isipoenea, hata prosesa ya kasi namna gani haitakusaidia.

Seti ya kitindamimba ilikuwa mashine, fyekeo lake la begani, pikipiki na petroli. Haikuenea.

Mtu akichoka hutafuta njia ya mkato. Aprili 2024, ile mvua kubwa iliyoleta mafuriko karibu nchi nzima, alianza kuiacha mashine kubwa nje usiku, kando ya ukuta, akiifunika kwa nailoni. Kila siku alikuwa akisema ni ya leo tu. Baada ya siku tisa mashine iligoma. Makanika alipoifungua alikuta maji ndani ya tangi, kutu kwenye kabureta, na kichujio cha hewa kimelowa kama sponji. Ile nailoni yenyewe ilikuwa imechangia, kwa sababu maji yalipenya chini yake na unyevu haukupata pa kutokea.

Matengenezo yalikuwa shilingi 9,500. Hiyo si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba ilikaa kwa makanika wiki tatu katikati ya masika, wakati nyasi zinapokimbia. Shule moja aliyokuwa akiikatia uwanja ikampa kazi mtu mwingine, na mpaka leo haijamrudia.

Mimi nilifika nyumbani wikendi ile na ushauri mwingi, kama kawaida ya kifungua mimba. Nikamwuliza kwa nini hakujenga kibanda, kwa nini hakununua kifuniko kizuri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kaka, gari la marehemu linalala pakavu. Kazi yangu inalala mvuani. Wewe unaona ni sawa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Unajua mama hawezi kukubali gari litoke."

Usiku ule sikulala vizuri, na msanidi programu asiyelala hufungua daftari. Nikaanza kuandika orodha ya vitu vya gereji kana kwamba natatua hitilafu ya mteja.

Swali la nani atolewe nafasi inapoisha ni la zamani katika fani yetu. Mwaka 1966 László Belady wa IBM aliandika juu yake. Kanuni iliyo bora kuliko zote ni kutoa kile kitakachohitajika mbali zaidi katika siku zijazo. Ni kanuni nzuri yenye kasoro moja, kwamba inakutaka uwe nabii. Kwa hiyo tunakisia kwa kutazama nyuma, tukitoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vyote. Kwa kanuni hiyo gereji yetu haikuwa na utata wowote. Pikapu ilikuwa haijaguswa kwa miaka minane.

Lakini gereji si kumbukumbu ya kompyuta kabisa. Data ukiipeleka kwenye diski haipati kutu. Nikaona swali moja halitoshi, nikaandika manne, na kila kitu nikakipitisha humo:

1. Kinatumika mara ngapi?
2. Kikikaa nje, kitaharibika kwa namna gani na kwa muda gani?
3. Kikiibiwa usiku wa leo, nani hatakula kesho?
4. Je, kukaa kwake ndani ni hatari kwa wengine?

Swali la nne ndilo lililonishtua. Ule mtungi wa petroli ulikuwa umekaa mita moja kutoka kwenye ukuta wa jikoni, na upande wa pili wa mlango mdogo mama huwasha jiko la makaa kila jioni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaenda zake, bali unatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango, na unaweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote ambayo Limuru imewahi kuiona. Tulikuwa tunabishana kuhusu nafasi huku tumekalia bomu. Na dawa za kuua magugu zilikuwa juu ya magunia ya viazi vya mbegu, huku magunia mengine ya kula yakiwa kando yake.

Asubuhi nilimkuta mama amekaa nje akichambua maharagwe. Nikazunguka mbuyu kwa muda. Nikaongea habari za mvua, habari za kanisani, habari za jirani. Mwisho nikasema, "Mama, tulikuwa tunafikiria juu ya lile gari la baba. Najua ni vigumu kwako, lakini kama ungekubali lisogezwe tu..."

Akaacha kuchambua. "Mwanangu, nani aliwaambia mimi sitaki litolewe?"

"Tulidhani..."

"Mlidhani. Hakuna aliyeniuliza. Mimi baba yenu simtafuti kwenye gereji. Wewe ndiwe unayekuja kila Krismasi, unaingia humo, unakaa kwenye usukani, unatoka na kusema mwaka ujao tutalitengeneza. Basi nikasema, hebu nisimguse mtoto."

Wasomaji wangu, nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na bado kitu hiki hunipata. Kuna hitilafu ambayo kila mtengenezaji wa programu huijua. Programu inaanza vizuri, kisha siku baada ya siku inakula kumbukumbu mpaka inazimika. Lugha nyingi za leo zina mfagiaji wa kumbukumbu, wazo ambalo John McCarthy alilieleza kwenye makala yake ya Lisp mwaka 1960. Mfagiaji anapita akitoa kila kitu ambacho hakuna anayekishikilia tena. Yeye haulizi kama kitu kinatumika. Anauliza kama kuna mtu bado ameshika uzi wake. Uzi ukiwepo, hata kama umesahauliwa kwenye faili moja mbali huko, kitu hakiondoki. Basi unakwenda kuutafuta uzi huo. Unawashuku wenzako wote, unasoma kodi ya kila mtu, na saa nane za usiku unaukuta kwenye faili lenye jina lako mwenyewe.

Nilirudi gerejini nikakaa kwenye usukani, mara ya mwisho kabla halijasogezwa. Sitasema mengi. Kulikuwa na risiti ya mbolea kwenye dashibodi, na harufu yake bado ilikuwemo kidogo.

Kisha tukafanya kazi.

Gari halitolewi nje hivi hivi. Mnaoandika mifumo mnajua kwamba data iliyobadilishwa haiondolewi kwenye kumbukumbu kabla ya kuandikwa salama kwenye diski. Vivyo hivyo gari, linaandaliwa mahali pake kwanza. Nyuma ya nyumba tulisawazisha ardhi, tukamwaga kokoto ili unyevu wa udongo usipande, tukasimamisha nguzo sita na kuezeka mabati manane, upande mmoja ukiegemea ukuta. Kuta nyingine hazikuhitajika, maana gari linataka paa na upepo. Vifaa na fundi havikufika shilingi 30,000. Niliona haya kidogo kujua kwamba miaka yote hiyo tatizo letu lilikuwa la bei hiyo.

Kulisukuma kulihitaji vijana sita, kwa sababu breki za nyuma zilikuwa zimeganda na makanika alilazimika kuzifungua kwanza. Tukaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya vigogo vya mbao ngumu chini ya ekseli ili magurudumu yasibebe uzito. Tukatoa betri, ambayo ilikuwa imekufa zamani. Tukaziba bomba la moshi na njia ya hewa kwa matambara ili panya wasiingie, kisha nikafunga kitambaa chekundu kwenye usukani kumkumbusha yeyote atakayetaka kuliwasha kwamba kuna matambara. Vioo tuliviacha wazi kidogo. Na hatukulifunika kwa nailoni. Somo hilo tulikuwa tumelilipia.

Petroli ilipata kisanduku chake cha chuma karibu na ua, kivulini, mbali na nyumba, chenye matundu juu na chini na kufuli. Sasa kitindamimba hanunui zaidi ya ya wiki moja. Petroli ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi huyeyuka hewani na kinachobaki hugeuka kuwa gundi inayoziba vitundu vya kabureta. Kwa hiyo kuweka nyingi hakumsaidii. Dawa za magugu zina kabati lake la kufungwa, na viazi vimehamia stoo.

Ndani ya gereji tuligundua kitu ambacho nilipaswa kukijua, kwamba ukuta ni sakafu nyingine. Fyekeo la begani linaning'inia kwenye misumari miwili mirefu, reki na majembe yanafuatana, na wilbaro limesimamishwa kwa pua. Katikati zimekaa mashine mbili. Pikipiki iko karibu na mlango kwa sababu ndiyo inayotoka kwanza, na usiku hufungwa kwa mnyororo kwenye chuma kilichozamishwa ndani ya zege.

Kwa walio na mashine za nyasi, haya ndiyo tunayoyafuata sasa. Iache injini ipoe kabla hujaiingiza ndani. Chomoa waya wa plagi kwanza, kisha safisha nyasi zilizoganda chini ya sahani ya kisu, kwa maana nyasi mbichi hushika maji na kula chuma. Ukiilaza, hakikisha upande wa kabureta uko juu, la sivyo oili itakimbilia kwenye kichujio cha hewa. Na kama haitafanya kazi kwa zaidi ya mwezi, iache iwake mpaka petroli iliyomo iishe.

Kuhusu pikapu lenyewe, bado hatujaamua. Kitabu cha umiliki bado kina jina la baba, na chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haiuzwi tu kwa sababu watoto wamekubaliana. Lazima mahakama itoe kibali cha kusimamia mirathi. Mambo hayo tulikuwa tumeyaahirisha kwa sababu ile ile iliyoliacha gari gerejini. Sasa tumeyaanza. Kitindamimba anasema kama tukilipata kihalali na injini ikikubali, lingemfaa kubebea mashine zake. Mama anasema hata baba angelipendelea likatie watu nyasi kuliko kufugiwa panya. Mimi sisemi kitu.

Masika yaliyofuata nilikuwa nyumbani asubuhi moja mvua ilipokatika. Kitindamimba alifungua mlango wa gereji, akatoa pikipiki, akatoa mashine, akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Nilitazama saa. Dakika nne.

Kama gereji yako imejaa, kabla ya kununua kontena au kumlaumu mtu wa nyumbani, pita ndani na uulize kila kitu uzi wake umeshikwa na nani. Usijiruke kwenye orodha hiyo.

Makala ya hifadhidata ni wiki ijayo. Safari hii ni kweli.